HIVI BIP NAYO NI UJUMBE?

Najua nimewatupa zaidi ya mwezi mzima. Nilikuwa Litapunga. Kabla hujauliza Litapunga ndiyo wapi: ni kata iliyoko Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Unafika Mpanda kwanza, ndipo unatafuta bodaboda. Nilikwenda kwa mambo ya kifamilia, si kwa kazi, na mhariri wangu hakunipa hata senti ya maji. Ila mwandishi hata akienda msibani masikio anakwenda nayo, na mimi nimerudi na jambo ambalo nisipoliandika litaninyima usingizi.

Kuna kijana kule, nitamwita Fundi kwa kuwa kila mtu anamwita hivyo. Anatengeneza simu, redio na taa za sola, na ana bustani ya nyanya na vitunguu mbali kidogo na nyumbani. Maji anayavuta kisimani kwa pampu ya sola. Kero yake ilikuwa kutembea kila siku kwenda kuwasha na kuzima. Basi akachukua kitochi kibovu, kile cha vitufe, akakifungua, akazichomoa nyaya mbili zinazopeleka moto kwenye kile kidude kinachofanya simu itetemeke, akaziunganisha kwenye swichi yake. Simu ikiita, swichi inageuka. Ukiibip mara moja, pampu inawaka. Ukiibip tena, inazima. Hakatwi salio hata shilingi. Mara moja mtu alikosea namba, nyanya zikanyweshwa saa nane za usiku. Kijiji kizima bado kinacheka.

Majirani wakaipenda. Akatengeneza nyingine, kisha nyingine. Halafu akatokea mfanyabiashara kutoka mjini (sitamtaja, mshahara wangu hauruhusu wakili) akasema anazitaka nyingi za kuuza kwenye duka lake la vifaa vya umwagiliaji. Fundi akaanza kununua vitochi vibovu Mpanda nzima. Wiki chache baadaye yule bwana akapiga simu: biashara imesimama. Mshauri wake amemwambia kuna kampuni ya nje yenye hataza juu ya kitu kama hicho, iliyotolewa na ARIPO, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zake. Akatuma na karatasi zenyewe kwa WhatsApp. Kurasa ishirini na kitu, Kiingereza kitupu.

"Kaka, wewe umesoma chuo kikuu," Fundi akaniambia. "Nisomee hapa, nimeiba nini?"

Nikasoma, wadau. Nilisoma usiku mzima kwa tochi na sikupata jibu, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Kwa wasiojua, hataza ina sehemu mbili kubwa. Kuna maelezo, ambamo mvumbuzi anasimulia kitu chake kinavyofanya kazi, pamoja na michoro. Halafu mwishoni kuna madai, sentensi chache zenye namba, na hizo ndizo zenye meno. Ni kama hati ya shamba. Maelezo yanakusimulia shamba lilivyo zuri, madai yanakwambia mpaka unapita wapi. Ukiingia ndani ya madai bila ruhusa, umevamia. Dai la kwanza la ile karatasi, kwa tafsiri yangu ya harakaharaka, lilihusu mfumo wa kuendesha kifaa kilicho mbali, wenye kipokezi kinachopokea ujumbe kupitia mtandao wa mawasiliano, na kidhibiti kinachowasha au kuzima kifaa hicho kutokana na ujumbe huo.

Ujumbe. Mtandao wa mawasiliano. Mbali. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mahali wanaposema ujumbe ni nini. Hakuna. Neno limetumika mara nyingi kuliko chumvi kwenye mboga, na hakuna popote lilipofafanuliwa.

Sasa bip ni ujumbe? Mimi na wewe tutasema hapana. Ujumbe una maneno ndani yake. Bip ni mlio tu, unaita, unakata. Tena nililijaribu mwenyewe. Niliandika "WASHA" nikatuma kwenye kile kitochi. Pampu kimya. Fundi amekiweka kitetemeke simu ikiita tu, meseji ikiingia hakijigusi. Chombo ambacho ukikitumia ujumbe hakifanyi kitu, kimevamiaje hataza ya ujumbe? Nikalala nimeridhika.

Asubuhi nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani, sasa ni mhandisi wa simu. Akanivunja moyo. Kwa lugha ya wahandisi, akasema, kila kitu kinachopita kati ya mnara na simu ni ujumbe. Simu haiiti kwa uchawi. Mnara kwanza unaitafuta, kisha unaipelekea taarifa kwamba kuna mtu anapiga, na taarifa hizo kwenye vitabu vya GSM zinaitwa kwa neno hilohilo la kwenye dai. Kwa hiyo kabla bip haijalia hata mara moja, kitochi cha Fundi kimeshapokea jumbe kadhaa.

Umeona balaa? Neno moja lina mipaka miwili. Kwa mkulima wa Litapunga, bip iko nje ya uzio. Kwa mhandisi wa Dar, iko ndani. Na mwenye hataza, ambaye alikuwa na kurasa ishirini na kitu za kusema anakusudia nini, alinyamaza.

Wapo watakaoniambia hayo ni mambo ya Kiingereza cha mawakili, niwaachie wenyewe. Sikubali. Wenzetu wameshalipishana fedha za kutisha kwa maneno ya namna hii, na kesi zao zinatufaa.

Chukua kesi ya VirnetX na Apple. VirnetX walikuwa na hataza za mawasiliano ya intaneti zilizotokana na kazi iliyofanywa na kampuni ya SAIC kwa ajili ya majasusi wa CIA. Wakaishitaki Apple kwamba FaceTime na huduma yake ya VPN zimeingia kwenye eneo lao. Mwaka 2012 wazee wa baraza mjini Tyler, Texas, wakawapa zaidi ya dola milioni 368. Ndani ya madai kulikuwa na maneno yanayohusu kiungo salama cha mawasiliano. Salama maana yake nini? Jaji wa Texas alisema inatosha data zikilindwa zisisomwe na mtu wa pembeni. Apple wakasema hapana, lazima pia ifichwe nani anawasiliana na nani. Septemba 2014 mahakama ya rufani inayoshughulikia hataza ikakubaliana na Apple katika hilo. Ilisoma maelezo ya hataza yenyewe, ikaona mvumbuzi anapozungumzia usalama anazungumzia yote mawili, kulinda data na kuficha utambulisho. Tuzo ile ikafutwa, kesi ikarudishwa chini. Mabishano ya kampuni hizo mbili yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo na VirnetX walikuja kupata fedha nyingi kwa njia nyingine, lakini tazama mzani uliolalia neno hilo: salama.

Kabla yao kulikuwa na BlackBerry. Kampuni ya NTP, isiyotengeneza simu hata moja, iliibana RIM ya Kanada kwa hataza za barua pepe zisizotumia waya. Mahakama zilikaa kuchambua neno kwa neno, hadi kubishania ni mashine ipi hasa ndiyo inayohesabika kuwa chanzo cha barua. Machi 2006 RIM ikalipa dola milioni 612.5 kumaliza kesi, wakati ofisi ya hataza ya Marekani yenyewe ilikuwa inazipitia upya hataza hizo na kuzitilia shaka.

Majaji wa huko wamehangaika sana na swali la wapi pa kutafutia maana. Kuna kipindi, kuanzia 2002, kamusi ilipewa kiti cha mbele. Fungua kamusi, soma, kesi imekwisha. Mwaka 2005, katika kesi ya Phillips iliyohusu kuta za chuma za kujengea magereza, mahakama ileile ikaketi na majaji wake wote na kusema kamusi irudi nyuma. Neno lisomwe kama ambavyo fundi mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi hiyo angelielewa wakati hataza inaombwa, na alisome ndani ya hati nzima, si peke yake.

Naipenda kanuni hii. Ndivyo wazee wa Litapunga wanavyofanya kwenye ugomvi wa mashamba. Karatasi ikisema mpaka unaishia "kwenye mninga", hawaendi kumuuliza mwalimu wa Kiswahili mninga ni nini. Wanavaa makobazi, wanakwenda shambani, wanatazama mninga upi uko karibu na njia, nani alikuwa analima upande gani mwaka ule waliouziana. Maana ya neno iko shambani.

Ila kanuni hiyo ina tundu, na Fundi wangu ndiye anayedumbukia humo. Fundi mwenye ujuzi wa kawaida katika kazi ipi? Kama kazi ni mitambo ya simu, tunamwita rafiki yangu mhandisi na bip inakuwa ujumbe. Kama kazi ni umwagiliaji na umeme wa sola, tunamwita Fundi mwenyewe, na bip inabaki bip. Ukishachagua nani wa kumuuliza, umeshachagua jibu.

Tuingie basi kwenye maelezo, kama walivyofanya majaji wa VirnetX. Humo nilikuta kila mfano wao wa ujumbe una maandishi ya amri na namba ya siri. Walijisifu kwamba kifaa chao kinamrudishia mtumiaji jibu ili ajue amri imefika. Bip ya Fundi haina maandishi, haina siri (ndiyo maana ya ile mvua ya saa nane usiku), wala hairudishi jibu. Kwa roho ya hukumu ile ya 2014, Fundi yuko nje. Nikataka kushangilia. Nikageuza ukurasa wa mwisho kabla ya madai, nikakuta ile sentensi ambayo kila mtu aliyewahi kusoma mkataba anaijua: mifano iliyotolewa ni ya kueleza tu, na ujumbe unaweza kuwa wa namna yoyote, ikiwa ni pamoja na hiyo iliyotajwa lakini bila kuishia hapo.

Bila kuishia hapo! Jamani, hilo nalo ni shamba? Ni mtu aliyepanda mninga mmoja kisha akaandika kwamba mpaka unaweza kuwa mti wowote.

Hapa ndipo nagombana na wasomi wenzangu. Wanadhani ukungu huu ni bahati mbaya, mwandishi alisahau, lugha ina mapungufu. Mimi naamini mara nyingi ni biashara. Neno likiachwa wazi linavutika. Ukiwa mbele ya mkaguzi anayeuliza kama kitu chako ni kipya, unalifinya liwe dogo: ujumbe wetu si mlio wa kawaida, ni amri yenye siri. Hataza ikishatoka na ukakutana na Fundi mwenye kitochi, unalitanua: ujumbe ni chochote kinachopita hewani. Na mara nyingi huhitaji hata kwenda mahakamani. Barua moja inatosha. Yule mfanyabiashara hakushitakiwa na mtu yeyote. Alisoma neno moja lisiloeleweka, akaogopa, akakata simu.

Hata Mahakama ya Juu ya Marekani iliona mchezo huu. Mwaka 2014, katika kesi ya Nautilus na Biosig, ilisema madai yasiyompa fundi wa kazi hiyo uhakika wa kutosha kuhusu mipaka yake hayasimami. Yaani ukiweka uzio wa moshi, unapoteza shamba. Hilo nalitaka hapa kwetu, na nalitaka mapema, mlangoni, siyo baada ya Fundi kuuza mbuzi kumlipa wakili.

Mlango wenyewe uko hivi. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Harare mwaka 1999. Mwombaji anapeleka ombi moja ARIPO, anataja nchi anazozitaka, ARIPO inalikagua. Likikubalika, kila nchi iliyotajwa inapewa miezi sita ya kusema hapana, kwetu haitafanya kazi. Nchi ikikaa kimya, hataza inasimama kana kwamba imetolewa nyumbani. Miezi sita, wadau! Hicho ndicho kidirisha ambacho mtu wa BRELA anaweza kuuliza swali dogo: ujumbe ni nini?

Na ninajua njia rahisi ya kulifanya swali hilo lijiulize lenyewe. Lazimisha madai yatafsiriwe kwa Kiswahili kabla hayajaanza kumbana Mtanzania yeyote.

Sasa naona mnaguna. Kiswahili hakijitoshelezi, sivyo? Hakina istilahi. Wimbo huo nimeusikia tangu niko darasani. Nawakumbusha kwamba mwaka 2004 vijana wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mradi wa Kilinux, walitoa OpenOffice nzima kwa Kiswahili, wakaiita Jambo. Walilazimika kukaa na kila neno na kuamua. Na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kama tumekubali mtu ahukumiwe kwa Kiswahili, kwa nini uzio anaoshitakiwa kuuruka uwe umeandikwa kwa lugha nyingine?

Lakini sidai tafsiri kwa ajili ya uzalendo. Nadai kwa sababu mtafsiri hawezi kukwepa. Nilipojaribu kutafsiri dai lile kwa ajili ya Fundi, nilikwama kwenye neno la kwanza. Niandike ujumbe? Taarifa? Ishara? Amri? Nikiandika amri, Fundi ana hoja nzuri. Nikiandika ishara, amekwisha. Kiingereza kilimruhusu mwenye hataza kukalia viti vinne kwa wakati mmoja, Kiswahili kikamwambia achague kimoja. Na ukifika kwenye mtandao ndiyo utacheka. Bongo hii mtandao ni kampuni ya simu, ni intaneti, ni minara, ni ile hali ya kupanda kichuguu Litapunga ukinyoosha mkono juu na kusema "sasa mtandao upo." Mwaka 2005 ulikuwa hadi kundi la wanasiasa. Mtafsiri atalazimika kumpigia mwenyewe simu na kumuuliza: bwana, unamaanisha upi? Jibu lake liandikwe kwenye hati, limfunge milele. Asipojibu, mamlaka iandike maana iliyo finyu kuliko zote, naye asilalamike, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Eti itaongeza gharama. Ndiyo, kwa kampuni inayotaka haki ya kuwazuia watu katika nchi nzima kwa hadi miaka 20. Sasa hivi gharama hiyo inalipwa na mtu anayekusanya vitochi vibovu.

Na sisi waandishi tusijitoe. Nimewahi kuandika habari moja ya ukurasa wa tatu, picha kubwa, kijana ameshika cheti cha hataza, kichwa cha habari kinapiga kelele. Sikusoma dai hata moja. Sikumuuliza anamiliki nini. Niliandika "uvumbuzi wa kipekee" kwa sababu taarifa kwa vyombo vya habari ilisema hivyo, nikaenda kula chipsi. Kenya wao angalau waliifuatilia kesi ya Sanitam na Rentokil hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2006, na ile ilikuwa juu ya pipa la takataka la kukanyaga kwa mguu. Pipa unaliona, unaligusa, unabishana nalo. Sisi tunazungumzia mawimbi yasiyoonekana, na hatuulizi.

Kabla sijaondoka nilimwandikia Fundi barua ya ukurasa mmoja, akaisaini, tukaituma kwa mfanyabiashara na nakala kwa wakala wa hataza aliyetajwa kwenye karatasi. Ndani kuna maswali matatu tu. Ujumbe ni nini? Simu inayoita na kukatwa bila kupokelewa ni ujumbe? Kama ndiyo, ni ukurasa upi unaosema hivyo?

Hiyo ilikuwa wiki ya tano iliyopita. Mfanyabiashara hapokei simu. Wakala alijibu kwa mstari mmoja wa Kiingereza kwamba mteja wake "anahifadhi haki zake zote." Fundi bado anaibip pampu yake kila jioni, ila vile vitochi alivyonunua vimo kwenye kiroba chini ya kitanda. Jana kaniandikia kuuliza kama akibadilisha kifaa kiwake kwa mluzi atakuwa salama. Sijamjibu. Nimerudi kwenye zile kurasa kutazama kama mluzi nao umo.